Jifunze Kiungo kwa Kazi Yake

Kama unasoma anatomia hapa Bloomington na vitabu vyako unavifungua baada ya zamu, makala haya yameandikwa kwa ajili yako. Wenzako ni wengi. Wapo walioko Normandale Community College, chuo cha France Avenue kilichofunguliwa mwaka 1968, wakisoma anatomia ili waingie uuguzi. Wapo walioko Northwestern Health Sciences University, pale West 84th Street, chuo kilichoanza mwaka 1941 kwa kufundisha kiropraktiki na ambacho leo kinafundisha pia uchuaji na tiba ya sindano. Na miongoni mwa Waafrika Mashariki wa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake, wengi wanaosoma hivi wanajilipia ada kwa kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa.

Kazi hiyo ni mtaji mkubwa. Anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayemvisha shati mzee mwenye bega lililokakamaa, anayemsaidia mtu kuinuka kwenye kiti, ameshika viungo vya binadamu kwa saa nyingi kuliko mwanafunzi yeyote aliyetoka sekondari mwezi uliopita. Lakini akifika darasani anakabidhiwa orodha: mifupa 206 ya mtu mzima, mamia ya misuli, majina ya Kilatini. Anaikariri usiku kucha, anaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, na baada ya mwezi imekwisha. Ushauri wangu ni kuingia kwa mlango mwingine. Anza na kazi ya kiungo, kisha umbo lake, kisha majina. Jina linalofuata kazi hukaa kichwani, kwa sababu lina kitu cha kushikilia.

Kila kiungo kina mapatano yake

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kiungo hakipati vyote. Kikiwa chepesi sana, kinapungukiwa na uimara. Kikiwa imara sana, kinapungukiwa na wepesi. Ukilishika hilo, nusu ya sura ya viungo imeshafunguka.

Linganisha nyonga na bega. Vyote viwili ni viungo vya mpira na kikombe, na vyote vinakwenda kila upande. Kwenye nyonga, kichwa cha fupa la paja kimezama ndani ya kikombe chake kama mchi ndani ya kinu, na mbele yake imepita ligamenti ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote mwilini. Nyonga inabeba kiwiliwili chote, hivyo imechagua uimara. Bega halibebi mwili. Kazi yake ni kuupeleka mkono popote: kichwani, mgongoni, kwenye rafu ya juu. Kwa hiyo kikombe chake kina kina kidogo na kimekaa wazi, na kichwa cha mfupa wa mkono kinashikiliwa zaidi na misuli minne midogo inayokizunguka kuliko na mfupa wenyewe.

Hapo unaona mara moja kwa nini bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga. Unaona pia kwa nini tunakatazwa kumvuta mgonjwa kwa mkono. Aliyepatwa na kiharusi, ambaye misuli ile minne imelegea, hana kitu kingine cha maana kinacholishika bega lake. Ukimvuta mkono ili akae, unaweza kukitoa kichwa cha mfupa mahali pake. Kanuni uliyofundishwa kazini na ukurasa wa kitabu vinasema jambo lile lile.

Maswali manne kwa kila kiungo

Ukifika kwenye kiungo kipya, kiulize maswali haya manne, kila mara kwa mpangilio huu huu. Mifupa gani inakutana hapa, na nyuso zake zina umbo gani? Kiungo kinaruhusu mwendo upi? Ni kitu gani kinazuia mwendo mwingine? Misuli gani inapita juu yake, na upande gani?

Tuchukue goti. Fupa la paja linakutana na mfupa wa muundi, na mbele kuna kilegesambwa. Mwisho wa fupa la paja una vifundo viwili vya mviringo, lakini juu ya muundi ni karibu bapa. Nyuso hizi hazishikani zenyewe, ndiyo maana katikati kuna meniski mbili za gegedu, zenye umbo la mwezi mwandamo, zinazoongeza kina na kusambaza uzito.

Swali la pili: goti linakunjika na kunyooka. Wengi huishia hapo. Sasa kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, na ushike muundi wako kwa mikono miwili. Geuza vidole vya mguu ndani na nje bila kuhamisha paja. Utausikia muundi ukizunguka. Kisha nyoosha goti kabisa na ujaribu tena: mzunguko wa goti umetoweka, na ukiona mguu bado unageuka, kinachougeuza ni nyonga. Goti lililokunjwa huzunguka kidogo, lililonyooshwa hujifunga. Katika nyuzi za mwisho za kunyooka, muundi hugeuka nje kidogo na ligamenti hukaza, na hivyo unaweza kusimama kwenye foleni bila kuchosha sana mapaja. Ili goti lianze kukunjika, msuli mdogo wa nyuma yake uitwao popliteusi hulifungua.

Swali la tatu linakuletea ligamenti nne. Mbili za ndani zimepishana kama herufi X: ya mbele inazuia muundi kuteleza kwenda mbele, ya nyuma inazuia kuteleza kurudi nyuma. Mbili za pembeni zinazuia goti kupindia ndani au nje. Hukuhitaji kukariri, uliuliza kila moja inazuia nini. Na kwa sababu meniski ya upande wa ndani imeshikana na ligamenti ya upande huo, haina nafasi ya kukwepa goti likisokotwa, ndiyo maana huumia mara nyingi kuliko mwenzake.

Swali la nne lina kanuni fupi inayofaa mwili mzima: msuli huvuta upande unaopita. Unaopita mbele ya goti hunyoosha, unaopita nyuma hukunja. Chora mstari kutoka pale msuli unapoanzia hadi unapoishia, ufupishe mstari huo, na uone mfupa unakwenda wapi. Ukiweza kuchora mstari, unaweza kukisia kazi ya msuli hata kama jina limekutoroka.

Usisahau uzito

Hapa ndipo wanafunzi hodari huanguka kwenye mtihani wa vitendo. Mwalimu anauliza: mtu anakaa kitini polepole, magoti yanakunjika, ni misuli gani inafanya kazi? Jibu linalokuja haraka ni misuli inayokunja goti. Si sahihi. Simama mbele ya kiti, weka viganja juu ya mapaja, ukae taratibu. Misuli ya mbele ya paja, ile ya kunyoosha goti, ndiyo iliyokaza. Mvuto wa dunia ndio unaokunja goti. Misuli inarefuka huku ikifunga breki ili usidondoke.

Kwa hiyo kabla ya kutaja msuli wowote, jiulize uzito unavuta upande gani. Ukishusha kikombe cha chai mezani, kiwiko kinanyooka, lakini baisepsi ya mbele ya mkono ndiyo inayodhibiti. Ukishuka ngazi, mapaja yako yanafunga breki kila hatua, na ndiyo maana mzee mwenye magoti mabovu hulalamikia kushuka.

Msuli mmoja, viungo viwili

Kunja ngumi kwa nguvu zako zote huku kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Sasa kikunje kifundo kabisa kuelekea ndani na ujaribu ngumi ile ile. Nguvu imepungua, na vidole havifungi vizuri. Misuli inayokunja vidole inapita pia juu ya kifundo cha mkono. Ikishafupishwa na kifundo, haina tena urefu wa kufupisha kwenye vidole, na ile ya upande wa pili imevutwa hadi mwisho.

Misuli ya namna hii ipo mahali pengi. Ule mkubwa wa tafu unapita goti na kifundo cha mguu. Ulio chini yake unapita kifundo peke yake. Kwa hiyo ukiunyoosha mguu nyuma huku goti limenyooka, umelenga mmoja. Ukikunja goti, umelenga mwingine. Anayesoma uchuaji au tiba ya viungo na kulijua hili atampa mteja zoezi lenye sababu.

Kutoka kiungo hadi mwendo

Viungo havifanyi kazi kimoja kimoja. Inua mkono hadi juu kabisa, nyuzi 180, huku mwenzako ameweka kiganja kwenye bapa la bega lako. Atalisikia likizunguka. Takriban nyuzi 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega chenyewe na kama 60 zinatoka kwenye bapa linaloteleza juu ya mbavu. Mzee asiyeweza kuinua mkono hadi kichwani anaweza kuwa na tatizo kwenye lolote kati ya hayo mawili, na jicho lako lazima lijue kutofautisha.

Kwa hiyo ukimaliza kiungo kimoja, chagua tendo zima la maisha yetu ulichambue. Kusonga ugali kunakufundisha jinsi kiwiliwili kinavyotulia ili bega na kiwiko visukume mwiko, na jinsi mkono mwingine ulioshika sufuria unavyofanya kazi bila kusogea. Kukuna nazi kunaonyesha mifupa miwili ya kigasha ikipishana: bana kiwiko ubavuni, geuza kiganja juu na chini, na uone kwamba mfupa wa upande wa kidole gumba ndio unaouvuka mwenzake. Sala nayo ni somo kamili. Katika kikao cha tahiyatu magoti yamekunjwa karibu hadi mwisho na vidole vya mguu wa kulia vimepindwa kuelekea mbele. Ukimhudumia mzee Mwislamu ambaye magoti yake yamechoka, utajua kumuuliza ni sehemu gani ya sala inayomuumiza, nawe utaelewa jibu lake.

Tendo ambalo ningependa kila msaidizi wa wauguzi alichambue ni kuinuka kwenye kiti. Kaa wima, miguu imenyooshwa mbele, ujaribu kusimama bila kuegemea mbele. Hutaweza, hata uwe kijana, kwa sababu uzito wako uko nyuma ya nyayo. Sasa rudisha miguu chini ya magoti, inamisha kiwiliwili hadi pua ipite mbele ya vidole vya miguu, kisha simama. Nyonga inakunjika ili kupeleka uzito juu ya nyayo, halafu misuli ya matako na ya mapaja inanyoosha nyonga na magoti pamoja. Unapomwambia mzee arudishe miguu na ainame mbele, unampa uwezo wa kutumia nguvu alizo nazo. Usipomwambia, mgongo wako ndio unaolipa. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na zile za kiuno huzunguka kidogo sana. Ndiyo maana ukiwa umembeba mtu, geuza miguu yako, usijisokote kiunoni.

Kutembea ndilo somo kuu

Mall of America, iliyofunguliwa mwaka 1992 hapa Bloomington, ni mahali pazuri pa kusomea mwendo. Ni kituo cha mwisho cha treni ya Blue Line, na majira ya baridi watu, wazee wakiwemo, huenda kutembea ndani yake kwa ajili ya afya. Kaa kwenye benchi, usipige picha mtu, tazama tu kwa heshima. Tazama kiungo kimoja kwa wakati. Katika mzunguko mmoja wa hatua, kila mguu uko chini kwa takriban asilimia 60 ya muda na hewani kwa asilimia 40. Maana yake kuna nyakati miguu yote miwili iko chini, na mtu anayeogopa kuanguka hurefusha nyakati hizo.

Kisha tazama nyonga. Mtu akisimama kwa mguu wa kulia, misuli ya pembeni mwa nyonga ya kulia huzuia upande wa kushoto usishuke. Ikidhoofika, upande wa kushoto huanguka au mwili mzima huyumbia kulia. Daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alilieleza hili mwaka 1895, na ishara hiyo bado ina jina lake. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mwenye nyonga mbovu ya kulia hushika bakora kwa mkono wa kushoto: bakora inaupunguzia msuli wa kulia kazi ya kushikilia uzito.

Barafu ya Minnesota nayo inafundisha. Hatua ndefu hupeleka kisigino mbali mbele ya mwili, na nguvu yake husukuma ardhi kwa mshazari, kwa hiyo kinateleza. Hatua fupi, unyayo unaoshuka bapa, magoti yaliyolegea kidogo na uzito juu ya mguu wa mbele hufanya nguvu ishuke karibu wima. Kumbuka pia kwamba mfupa wa juu wa kifundo cha mguu ni mpana zaidi mbele. Vidole vikiwa juu, sehemu pana inabanwa na kifundo kinakuwa imara. Ukiwa umeshukia vidole, sehemu nyembamba ndiyo iliyopo, na kifundo hulegea. Hivyo ndivyo wengi hutegua mguu wakishuka ukingo wa barabara.

Kutembea huku kwa miguu miwili kuna historia nyumbani kwetu. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kikosi cha Mary Leakey kilifukua mwaka 1978 njia ya nyayo za miaka takriban milioni 3.6, zenye kidole gumba kilichokaa sambamba na vingine, si kilichojitenga kama cha sokwe. Na mwaka 1986 watafiti, wakiwemo Geoffrey Maloiy wa Nairobi na Norman Heglund, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo utosini na wa Kikikuyu wanaoibeba kwa mkanda wa kichwani. Walionekana kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza nishati wanayotumia. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: wanapobeba, miili yao huhifadhi vizuri zaidi nishati ya kila hatua na kuitumia kwenye hatua inayofuata. Kwa msomaji wa mwendo, hapo pana fundisho kubwa. Ufanisi unatokana na viungo vyote kupatana kwa wakati, na nguvu ya msuli mmoja haiwezi kuueleza.

Vitabu, daftari na wenzako

Kwa kitabu cha msingi, shirika la OpenStax la Rice University linatoa kitabu cha anatomia na fiziolojia bure mtandaoni, na sura yake ya 9 ni ya viungo. Ukitaka kuzama, tafuta kwenye maktaba juzuu tatu za Kapandji, daktari Mfaransa aliyeeleza kazi za viungo kwa michoro mingi kuliko maneno. Soma mchoro mmoja, kisha uuchore mwenyewe bila kutazama. Mchoro mbaya uliouelewa unakufaa zaidi ya picha nzuri uliyoiangalia tu.

Daftari lako liwe na safu mbili. Upande mmoja andika jina litakalokuja kwenye mtihani, upande wa pili andika jina la Kiswahili, kama mtulinga, kiwiko, nyonga au kano ya kisigino, na kazi yake. Maelezo yaandike kwa lugha unayofikiria nayo. Ukiweza kumweleza mama yako kwa simu kwa nini goti lake linauma akishuka ngazi, somo umelijua.

Usisome peke yako. Tafuta watu wawili au watatu, mshikane mabega na vifundo kwa ruhusa, kila mmoja afundishe kiungo kimoja kwa maswali yale manne. Nusu saa kila siku ni bora kuliko usiku mzima wa Jumapili, hasa kwa mwili uliotoka zamu.

Na ukibahatika kusoma kwenye maabara yenye miili ya binadamu, ingia kwa adabu. Ni watu walioacha wasia ili wewe ujifunze. University of Minnesota ina mpango maalumu wa kupokea wasia wa namna hiyo. Angalia jinsi viungo vinavyotofautiana kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Kitabu kinaonyesha mwili mmoja. Kazini utakutana na miili mingi.

Ujue mipaka

Elimu hii haikufanyi daktari. Mzee aliyebadilishiwa nyonga anaweza kuwa amepewa masharti: asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asigeuze mguu ndani. Sasa unaelewa sababu, kwamba miendo hiyo ikiungana inaweza kusukuma kichwa cha nyonga kitoke kwa nyuma. Lakini masharti hutegemea upasuaji aliofanyiwa, hivyo fuata maagizo yaliyoandikwa na umuulize muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo. Kiungo kilichovimba ghafla, chenye joto, au kisichobeba uzito baada ya kuanguka ni cha kuripoti papo hapo, si cha kukanda.

Wiki hii anza na goti. Jumatatu liulize maswali manne. Jumanne fanya majaribio yote mawili, ya kiti na ya muundi. Jumatano chora. Alhamisi mfundishe mwenzako. Ijumaa, kazini, mtazame mtu mmoja akiinuka kwenye kiti kabla hujampa mkono, uone miguu yake iko wapi na uzito wake uko wapi, kisha umwelekeze. Wiki ijayo nenda kwenye nyonga. Ukifuata mwendo huu muhula mzima, utaingia kwenye mtihani ukiwa unaujua mwili unaoulizwa, na wale unaowahudumia watakuwa wameanza kunufaika kabla hata matokeo hayajatoka.